Sufuria la watoto 100: unga wenye virutubishi, mboga za soko la Mbuyuni na namna ya kuvikutanisha

Mpishi mwenzangu, kabla hujakimbilia sokoni ingia stoo kwanza. Hesabu magunia ya mahindi, hesabu viroba vya unga, nusa maharage, soma maandishi kwenye dumu la mafuta na kwenye mfuko wa chumvi. Ukitoka humo utakuwa umeshajua nusu ya unachotakiwa kununua, na mara nyingi kitakuwa tofauti na kilichoandikwa kwenye orodha ya kamati.

Napika katika shule ya msingi ya kutwa hapa Moshi, upande wa chini wa mji, njia ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC. Wazazi wetu huchangia mahindi kwa debe, maharage kwa sado, na fedha kidogo ya mboga, mafuta na gesi. Wageni wa lishe huja, hutusomea makundi ya chakula, husaini kitabu cha wageni, huondoka. Sufuria linabaki na mimi. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya sufuria, kwa mpishi, bwana stoo na mzazi wa kamati mwenye fedha ile ile ya mwaka jana na watoto walioongezeka.

Msimamo wangu ni huu: unga ulioongezwa virutubishi una kazi yake, mboga ya sokoni ina kazi yake, na hakuna inayoweza kushika nafasi ya mwenzake. Nimeona shule ikinunua viroba vyenye nembo ya unga ulioongezwa virutubishi kisha ikapunguza mboga, kana kwamba mchicha umeshasagwa humo ndani. Nimewasikia pia watu wa "asili tu" wakiubeza unga wa kiwandani huku watoto wao wanakula sembe iliyokobolewa mpaka ikabaki nyeupe pee. Kazi ya mpishi ni kuvikutanisha viwili hivyo kwenye sahani moja, mlo mmoja. Vikipishana, mtoto anapoteza.

Kilichomo kwenye unga na kisichomo

Mahindi yakikobolewa kuwa sembe, ganda na kiini huondoka kama pumba, na humo ndimo yalimokuwa madini chuma, zinki na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Ng'ombe wa jirani ndiye anayefaidi. Tangu kanuni za mwaka 2011, viwanda vya unga wa ngano na vya mafuta ya kula hapa nchini vinatakiwa kuongeza virutubishi, na unga wa mahindi nao una kiwango chake. Kwenye unga huingia madini chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Kwenye mafuta huingia vitamini A. Chumvi ilitangulia zamani kuwekewa madini joto, na sisi watu wa mlimani hatuhitaji kuelezwa sana sababu yake. Wazee wetu wanawakumbuka kina mama waliotembea na tezi la shingo maisha yao yote.

Chuma ndicho kilio kikubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–2016 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 58 ya watoto wenye miezi 6 hadi 59, na kwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Hao ndio wadogo zao na mama zao wanafunzi tunaowapikia. Wasichana wa darasa la sita na la saba wanaoanza hedhi wanapoteza damu kila mwezi, na mlo wetu wa mchana kwa baadhi yao ndio mlo mkubwa wa siku. Asidi ya foliki nayo ina habari yake: husaidia kuzuia mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, lakini uti wa mgongo wa mimba hujifunga ndani ya wiki nne hivi tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hata hawajajua kama wana mimba. Kliniki inakuwa imechelewa. Unga unaoliwa kila siku unafika mapema kuliko kidonge, ndiyo maana naona akili ya kuiweka humo.

Sasa kisichomo. Vitamini C haimo. Protini haiongezwi. Kalsiamu haimo. Nyuzinyuzi zilizoondoka na pumba hazirudishwi. Hayo yote unayatafuta kwenye masoko yetu ya Mbuyuni na Kiboriloni, au kwenye bustani nyuma ya jiko.

Makande hayaguswi

Hili watu wengi hawalioni hadi waonyeshwe. Mpango mzima wa kuongeza virutubishi kwenye mahindi unapitia kwenye unga. Makande ni mahindi mazima yaliyokobolewa ganda, hayajapita kwenye mashine yoyote ya kuchanganyia. Shule inayopika makande siku tatu kwa wiki, na ziko nyingi Kilimanjaro, siku hizo tatu mtoto hapati chochote kutoka kwenye nembo ile unayoiona kwenye viroba. Tena ukipanda juu, Kibosho, Marangu, Mwika, nyumba nyingi zinakula ndizi: mtori, kiburu, machalari. Ndizi haina kiwanda. Huko virutubishi vya kiwandani vinaingia nyumbani kwa milango mitatu tu: mafuta, chumvi, na unga wa ngano wa chapati na maandazi.

Kwa hiyo panga wiki yako ukijua hilo. Siku ya ugali, unga unabeba chuma na foliki, wewe unatafuta kitu cha kukisaidia chuma kiingie mwilini. Siku ya makande au ndizi, maharage na dagaa ndio wenye mzigo, na mboga za majani zisipungue zile za siku ya ugali. Shule nyingi zinafanya kinyume: ugali unapewa mboga kwa sababu "hauliwi mkavu", makande yanaachwa peke yake kwa sababu "yanajitosheleza". Hayajitoshelezi.

Mashineni

Tatizo letu la kweli ni debe la mzazi. Mahindi yakichangwa, yanapelekwa mashine ya mtaani, yanakobolewa, yanasagwa, yanarudi. Mashine ya kawaida ya mtaani haiongezi kitu. Unaweza kuwa na stoo imejaa unga na usiwe na gramu moja ya virutubishi.

Njia ninayoiona inafaa ni kubadilishana. Tafuta kinu chenye kifaa cha kuchanganya virutubishi. Siku hizi hata vinu vya kati vinavyo, ni kisanduku kinachokaa juu ya mashine na kudondosha unga wa virutubishi kidogo kidogo kulingana na kasi ya usagaji. Mwombe mwenye kinu akuonyeshe kikifanya kazi. Kisha kubalianeni kwa maandishi: shule inaleta mahindi makavu yaliyochambuliwa kilo kadhaa, yeye anatoa unga ulioongezwa virutubishi kilo kadhaa, baada ya kuondoa pumba na gharama yake. Pima mbele ya mjumbe wa kamati, kwenye mzani, usikubali debe kwa debe, kwa sababu debe la mahindi na debe la unga havina uzito mmoja. Pumba ni mali: aidha ipunguze bei ya kusagiwa, aidha irudi shuleni iuzwe kwa wafugaji.

Usinunue virutubishi vya pakiti ukachanganya mwenyewe kwa mwiko. Kinachohitajika kwa gunia zima ni kidogo mno, na mkono hauwezi kukisambaza sawasawa. Mtoto mmoja atapata cha kumzidi na mwenzake asipate kitu.

Kama kinu hicho hakipo karibu, kuna hesabu nyingine. Mahindi ya wazazi yawe ya makande na ya uji wa dona, halafu fedha kidogo inunue viroba vya unga wenye nembo kwa siku za ugali peke yake. Kamati italalamika kwamba tunanunua unga na tuna mahindi. Waoneshe ratiba ya wiki, watulie.

Na dona? Nalipenda, nalipika. Limebaki na kiini na ganda lake, lina nyuzinyuzi, linashibisha. Ila chuma chake kimefungwa kwenye kiini na ganda kiasi kwamba mwili unakichukua kwa shida, na mafuta ya kiini hulifanya lichache mapema. Dona la wiki kadhaa kwenye joto la Moshi linanuka. Saga kidogo kidogo. Dona siyo adui wa unga ulioongezwa virutubishi, na kuna vinu vinavyoongeza virutubishi kwenye dona pia.

Kusoma kiroba

Kiroba kisome kama unavyosoma cheti cha mtu anayetaka kuoa kwenu. Tafuta jina la kinu na mahali kilipo, alama ya ubora ya TBS, nembo ya chakula kilichoongezwa virutubishi, orodha ya virutubishi vyenyewe kwa majina, tarehe ya kusagwa na ya mwisho wa matumizi. Kikikosa jina la kinu, kirudishe hata kama kina picha nzuri ya hindi. Wapo wanaojaza unga wa mashine ya mtaani kwenye viroba vya zamani, basi angalia na mshono: mshono wa mkono au wa nyuzi mbili za rangi tofauti unakuambia kitu.

Mzazi mmoja alisimama mkutanoni akasema unga huu umewekewa dawa ya kuzuia uzazi. Usicheke mtu wa namna hiyo, na usimfokee, maana aliyenyamaza nyuma yake anawaza hivyo hivyo. Nilimpa kiroba asome mwenyewe mbele ya watu: chuma, zinki, foliki, B12. Nikamkumbusha kwamba vidonge vya foliki na chuma ndivyo alivyopewa mkewe kliniki wakati wa ujauzito ili apate mtoto mwenye afya. Ugali wake haubadiliki ladha wala rangi. Siku iliyofuata mwanawe alikula.

Sumukuvu haitoki kwa virutubishi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa la hapa huua. Mwaka 2016 watu walifariki mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na Manyara ni jirani zetu. Mahindi ya Babati na Kiteto yanafika Moshi. Sumu hii hutengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Kuchemsha hakuiondoi. Kuongeza virutubishi hakuiondoi. Inakaa kwenye makande yaliyoiva vizuri kabisa.

Debe la mzazi likifika, usilimimine kwenye gunia la wenzake. Limwage kwenye turubai. Mahindi yanayotakiwa kuhifadhiwa unyevu wake usizidi asilimia 13.5, na kama huna kipimo, tumia chupa: chukua chupa ya kioo kavu, weka mahindi kiasi cha theluthi, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yaanikwe. Isipoganda usishangilie sana; kipimo hiki kinakamata yaliyo mabichi wazi tu, kwa hiyo anika jua moja la ziada juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo.

Kisha chambua. Yaliyovunjika, yenye rangi ya kijani au nyeusi, yaliyosinyaa, yaliyotobolewa na wadudu, toa yote. Kukoboa nako kunapunguza sumu kwa sababu nyingi iko kwenye ganda na kiini, hiyo ni pointi moja ya sembe ambayo watu wa dona hawapendi kuisikia. Mabovu uliyoyatoa yatupwe shimoni. Najua desturi yetu: ya kuku, ya ng'ombe, au yatiwe kwenye pombe. Sumu aliyokula ng'ombe inatokea kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo yanayotiwa kwenye uji wa mtoto.

Karanga ni vile vile, tena zaidi. Nunua zenye maganda yake, bangua mwenyewe, tupa zenye ukungu na zenye uchungu.

Sokoni

Mbuyuni nenda asubuhi. Kina mama wanaoshuka na mboga kutoka mlimani wanataka wauze warudi, na mchicha wa saa moja asubuhi na ule uliopigwa jua hadi saa nane ni vitu viwili. Majani yanayonyauka yanapoteza vitamini C kila saa. Mimi nina mama mmoja ninayechukua kwake. Nampigia jioni namwambia kilo, siyo mafungu. Fungu hupungua bei ikipanda, kilo haipungui. Tunamlipa kwa wiki, na kamati inasaini.

Chagua kwa kazi. Kwa vitamini A: mchicha, mnafu, majani ya maboga, matembele, karoti, boga lenyewe la njano, na viazi lishe vya rangi ya chungwa. Mbegu za viazi lishe kama Kabode na Mataya zinalimika, na majani yake ndiyo matembele yenyewe, unavuna mara mbili. Kwa vitamini C: mapera kwanza, yanalishinda chungwa kwa mbali na hapa kwetu yanaoza chini ya miti, kisha papai, chungwa, nyanya mbichi, ndimu. Kabeji naiheshimu kwa sababu inakaa na ni rahisi, lakini shule inayopika kabeji Jumatatu hadi Ijumaa haijala mboga ya majani ya kijani, tuambiane ukweli.

Mnafu ndio fahari yetu. Watoto wa mjini huukataa kwa uchungu, na wapishi wengi huuchemsha na kumwaga maji ili uchungu uishe. Ukimwaga maji umemwaga na vitamini. Uchanganye: sehemu mbili za mchicha kwa moja ya mnafu, utie maziwa kidogo mwishoni kama wafanyavyo kina mama wa mlimani. Wakizoea, panda kiwango. Ukitaka kupanda wako, Kituo cha Mboga cha Dunia kilichopo karibu na Tengeru, njia ya Arusha, kimefanya kazi ya miaka mingi kwenye mboga zetu hizi. Aina ya mnafu iitwayo Nduruma na nyanya chungu iitwayo Tengeru White zimetoka kwenye kazi hiyo. Usinunue mbegu isiyo na lebo.

Maharage usichague kwa rangi inayopendwa na walimu. Lyamungu yanaiva haraka na watoto wanayapenda, na hilo ni la maana kwa gesi. Dagaa wa Mwanza nunua makavu kabisa, yasiyonuka ukungu, na tenga muda wa kuosha mchanga. Samaki wa Nyumba ya Mungu ni watamu, ila kwa watoto 100 miiba ni balaa, wala sishauri.

Jikoni, siku ya ugali

Kwa watoto 100 napima kilo 15 za unga. Maharage kilo 5, yaliyolowekwa usiku kucha. Maji ya kulowekea namwaga, kwa sababu kuloweka kunapunguza vile vitu vya kwenye maharage vinavyozuia chuma na zinki, na kunaokoa gesi. Tangu taasisi zilipoambiwa ziachane na kuni, kila dakika ya kuchemsha ina bei.

Magadi sitii. Najua yanalainisha upesi, na bila magadi kiburu hakina heshima. Lakini magadi yanaharibu vitamini B1 na C, na magadi ya ukanda wetu yana floraidi, hiyo hiyo inayowapaka watoto wa Arusha na Kilimanjaro meno ya kahawia. Loweka, funika sufuria, basi.

Mboga kilo 8: osha yakiwa mazima, halafu ndiyo ukate. Ukikata kwanza ukaosha, maji yanaondoka na vitamini. Kaanga vitunguu na nyanya kwa mafuta, tia majani, geuza, funika dakika chache, epua yakiwa bado ya kijani. Mafuta hayo ni ya lazima, vitamini A haiingii mwilini bila mafuta. Chumvi robo kilo kwa chakula chote, itiwe mwishoni, maana madini joto hupungua kwa moto mrefu.

Sasa hatua ambayo ikiachwa unga wote ule wenye nembo unafanya kazi nusu. Weka kitu chenye vitamini C kwenye sahani ile ile: kipande cha pera au papai, nusu chungwa, au kachumbari ya nyanya iliyokamuliwa ndimu, iliyooshwa kwa maji salama. Vitamini C huusaidia mwili kuchukua chuma cha maharage, cha majani na hata cha unga. Na chai iondoke. Chai ya rangi ikinywewa na chakula hukifunga chuma kisiingie. Walimu wangu walizoea kikombe cha chai juu ya ugali. Nimewaambia wanywe saa moja baadaye, wengine wamesikia.

Siku ya makande

Mahindi yaliyokobolewa kilo 12, maharage kilo 5, vyote vimelowekwa, vipikwe viive kabisa. Dagaa kilo moja: toa vichwa ukipenda, osha, kausha, kaanga bila mafuta mpaka wakatike, twanga uwe unga. Mtoto anayemkataa dagaa mwenye macho hamkatai dagaa asiyeonekana. Tia unga huo pamoja na karoti kilo 3 zilizokwaruzwa, nyanya kilo 4, vitunguu kilo 2 na mafuta lita moja. Robo saa kabla ya kuepua tia mchicha au majani ya maboga kilo 8 yaliyokatwa. Rangi itabadilika, watalalamika siku ya kwanza.

Msimu wa parachichi, gawa robo robo: maparachichi 25 makubwa yanatosha watoto 100, na hakuna Mchaga anayehitaji kufundishwa makande na parachichi. Msimu huo punguza mafuta ya dumu nusu lita.

Mafuta na chumvi

Mafuta ya alizeti ya kukamua, yale ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, ni mazuri lakini kwa kawaida hayajaongezwa vitamini A. Ukiyatumia kwa sababu ya bei, usiache karoti na majani. Mafuta yoyote yaweke gizani. Dumu linalokaa dirishani linapoteza vitamini kwa mwanga. Chumvi nunua yenye maandishi ya madini joto, ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na moto na mvuke. Ile ya kupima iliyoachwa wazi sokoni siitaki.

Uji wa wadogo

Kina mama huniuliza mno habari za "unga wa lishe", ule wenye mahindi, mtama, ulezi, ngano, soya, karanga na dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Siupendi. Karanga na soya zikisagwa na nafaka, mafuta yake huchacha na unga mzima unaharibika, na karanga moja yenye sumukuvu inatia sumu mfuko mzima bila wewe kuiona. Tumia unga wa mahindi ulioongezwa virutubishi, au mahindi na ulezi tu, pika uji, kisha siku hiyo hiyo tia karanga ulizochambua na kutwanga, au maziwa, au parachichi lililopondwa. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita hakuna uji wa aina yoyote, ni ziwa la mama.

Bustani

Kama shule ina maji, panda vitu vitatu: mchicha, ambao unavunwa ndani ya mwezi mmoja, matembele, ambayo hayafi, na mipapai miwili mitatu ukingoni. Kama haina maji, magunia ya udongo karibu na mahali pa kunawia mikono. Kipindi cha Januari na Februari mboga za mlimani zikipungua, nunua za mabondeni kwenye umwagiliaji, upande wa Mabogini, na muulize mkulima alipulizia dawa lini. Akijikanyaga kujibu, ondoka. Ziada ya masika unaweza kuikausha, ila kivulini, chini ya kitambaa. Jua kali linaua vitamini A.

Kufunga shule

Novemba ikifika, nunua unga wa wiki kwa wiki. Unga ulioachwa kwenye stoo ya bati Desemba yote hukutana na joto, ukaingia fukusi, na vitamini zake hushuka hata kama tarehe kwenye kiroba haijapita. Unaobaki siku ya kufunga, kamati iuuze au iugawe, kwa kilo, kwa majina, kwa maandishi. Mahindi ndiyo yanayokaa: makavu, yaliyochambuliwa, ndani ya mifuko isiyopitisha hewa, kila mfuko wa ndani umesokotwa mdomo na kufungwa peke yake, yakipangwa juu ya chaga za mbao, nafasi ya kupita mtu ikiachwa kati yake na ukuta. Kabla ya kufunga mlango angalia kama kuna tundu la panya, liziwe. Funguo wazishike watu wawili tofauti.